Mstari wa Asubuhi na Sura Iliyobaki Nyuma

Siku hizi mstari wa Biblia humfikia Mkristo kabla hajanawa uso. Simu inalia, picha ya jua linalochomoza inafunguka, juu yake maneno kumi na matano, na chini kabisa kwa herufi ndogo jina la kitabu, sura na mstari. Wengine hawangoji hata kuletewa. Wanaiandikia programu ya akili mnemba, "nipe mstari wa mtu anayeogopa mtihani," na kufumba na kufumbua wameshapewa saba. Juu ya jambo hili watu wamegawanyika kambi mbili. Kambi moja inashangilia kwamba Neno limeingia mifukoni mwa watu ambao zamani walilisikia Jumapili tu. Nyingine inalalamika kwamba simu imeiua Biblia ya karatasi, na dawa yake ni watu warudi kubeba kitabu ibadani. Zote mbili zinakitazama chombo. Lakini Biblia ya karatasi nayo hukatwa vipande, tena ilikatwa miaka mingi kabla ya simu kuzaliwa, kwa kalenda za ukutani, kadi za pole na vibandiko vya magari. Hoja yangu ni kwamba kinachodhoofisha matumizi ya Maandiko katika maisha ya kila siku ni ufupi wa kipande tunachokisoma. Mstari ukishang'olewa kwenye aya yake, kinachotangulia kupotea ni wajibu, na kinachosalia ni faraja. Ndiyo maana mtu anaweza kupokea mistari 365 kwa mwaka asiweze kutaja jambo moja alilolitenda kwa sababu ya mmojawapo.

Inafaa kujua kwanza mstari ni kitu gani. Paulo hakuandika mistari. Aliandika barua, zikasomwa kwa sauti mbele ya kusanyiko tangu salamu hadi baraka. Sura tunazozitumia leo hunasibishwa na Stephen Langton, mwalimu wa Paris aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury na kufariki mwaka 1228. Waandishi wa Kiebrania walikuwa na alama za kutenganisha mistari ya Agano la Kale tangu zamani, ila namba za mistari ya Agano Jipya tulizo nazo ni kazi ya mchapaji Robert Estienne, katika chapa aliyoitoa Geneva mwaka 1551. Alihitaji njia ya haraka ya kumwonyesha msomaji mahali, na hadi leo namba zake zinaifanya kazi hiyo vizuri mno. Shida huanza pale namba inapogeuka ukuta. Waefeso 1:3 hadi 14 ni sentensi moja tu katika Kigiriki, nasi tumeigawa mistari 12. Mtu akiuchukua mmoja kati ya hiyo 12 na kuuandika ukutani, ameandika kipande tu cha wazo. Nambari ya nyumba hukusaidia kuifikia nyumba, lakini hakuna aliyewahi kulala ndani ya nambari.

Chukua mmoja wa mistari inayotumwa sana, Yeremia 29:11: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Hutumwa kwa mhitimu, kwa bwana harusi, kwa anayengoja majibu ya kazi. Ukiusoma peke yake unasikika kama taarifa kwamba mambo yatakaa sawa karibuni. Sasa irudie sura nzima, mistari 32, isiyozidi dakika chache. Ni barua iliyotoka Yerusalemu kwenda kwa watu waliochukuliwa mateka hadi Babeli pamoja na mfalme Yekonia. Katika sura iliyotangulia nabii Hanania amewatangazia watu kwamba ndani ya miaka miwili mateka wote watarudi. Yeremia anaandika kinyume chake: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, ozesheni, uombeeni amani mji uliowateka, kwa maana miaka itakuwa 70. Mtu wa makamo aliyeisikia barua ile ikisomwa alielewa mara moja kwamba yeye atazikwa ugenini, na kwamba tumaini linalotajwa ni la watoto wa watoto wake. Haikupokewa kwa furaha pia. Mwishoni mwa sura hiyohiyo mtu aitwaye Shemaya anamwandikia kuhani Yerusalemu akiuliza kwa nini Yeremia hajatiwa mkatale kwa kuandika upuuzi wa kujenga nyumba. Mstari tunaoutuma na maua ulimkasirisha msikilizaji wake wa kwanza. Anayeuchukua bila barua yake, na kuusikia ukisema "karibuni", huondoka na ujumbe wa Hanania huku akiamini ameshika wa Yeremia.

Ukiichukua pamoja na barua yake, hiyo ahadi inakuwa na kazi ndani yake. Aliyekwama mahali asipopapenda, iwe ni kazi, ndoa ngumu au nchi ya ugeni, haambiwi akae kwenye sanduku lake la safari akingoja mlango ufunguke. Anaambiwa apande mti utakaozaa baada ya miaka, na aliombee kwa jina lake lile shirika au mtaa anaotamani kuutoroka. Sehemu hiyo ya 29:5 hadi 7 ni nadra kuiona kwenye picha ya jua linalochomoza.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati ambayo haitumii. Kiingereza cha leo kina neno moja kwa mtu mmoja na kwa watu elfu, kwa hiyo msomaji wake hawezi kujua kwa kutazama tu kama anaambiwa yeye peke yake. Sisi tunaona papo hapo: "ninayowawazia ninyi". Ni wengi. Hata hivyo sikiliza mahubiri na maombi uone jinsi mstari huo unavyogeuzwa mdomoni kuwa "anayokuwazia wewe", mapokeo yaliyokuja na nyimbo na vitabu vya lugha nyingine. Vivyo hivyo katika 1 Wakorintho 3:16, "ninyi mmekuwa hekalu la Mungu": husemwa kwa mtu mmoja kuhusu afya yake, ilhali Paulo analiambia kusanyiko lililogawanyika makundi kwamba anayelipasua kusanyiko hilo analiharibu hekalu. Maana ya mwilini ipo, lakini ipo katika 6:19, na kwa jambo jingine. Basi kanuni ya kwanza ya matumizi ni ndogo kama chembe ya haradali: tazama viambishi. Je, ni *u-* au *m-*? *Ku-* au *wa-*? Ikiwa ni wengi, swali la kwanza ni sisi tufanye nini, na swali la mimi hufuata. Kanuni hii haitoshi peke yake, na ni vizuri kusema hivyo mapema. Kumbukumbu la Torati 28:13, "BWANA atakufanya kuwa kichwa, wala si mkia", imeandikwa kwa umoja, lakini anayesemeshwa ni taifa zima la Israeli kama mtu mmoja. Na mstari huo hauishii hapo. Unaendelea bila hata kuvuta pumzi: "utakapoyasikiza maagizo ya BWANA". Baada ya mstari mmoja zaidi laana zinaanza, nazo ni mistari 54 dhidi ya 14 ya baraka. Katika 28:44 vichwa na mikia vimebadilishana nafasi. Kukiri ukichwa bila kusoma sharti ni kusaini mkataba kwa kutazama mshahara tu.

Kwa nini basi mistari inayosambaa ni ya aina moja? Sidhani kuna mtu amekaa akapanga njama. Mstari wa siku una masharti yake: uenee kwenye picha, ueleweke bila maelezo, na umpendeze mtu kiasi cha kuutuma kwa mwenzake. Masharti hayo matatu yakishapita kama chekeche, kinachobaki juu ni ahadi na sifa. Karibu theluthi ya Zaburi ni maombolezo, lakini Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani bila hata neno moja la kugeuka, haitatumwa kwa mtu asubuhi. Amri nazo hupita kwa shida. Orodha za majina, hesabu za sadaka, ugomvi wa Euodia na Sintike katika Wafilipi 4:2, vyote huanguka chini. Matokeo yake ni kwamba aliyefiwa anapewa nusu ya Biblia, ile nusu inayomtaka atabasamu, ananyimwa nusu ambayo ingempa maneno ya kulia mbele za Mungu. Tena akijiona hawezi kutabasamu, anahitimisha kwamba imani yake ni ndogo. Programu za akili mnemba zimeongeza jambo moja juu ya haya. Zamani itifaki ya Biblia, yaani orodha ya maneno na mistari yalimo, ilikuonyesha kila mahali neno "hofu" lilipo, hata pale ambapo Mungu anawatisha watu wake. Sasa unapewa yale tu yanayokubaliana na ulivyouliza. Msomaji ameshaamua mada, ameshaamua jibu liweje, na Maandiko yameitwa kuja kutia sahihi.

Wanaotetea mstari mmoja wana hoja, na baadhi zina uzito. Mgonjwa aliye kitandani hawezi sura tatu. Asiyejua kusoma huishi kwa kile alichokariri. Kukariri kwenyewe kunahitaji vipande vifupi. Na historia iko upande wao: katika karne ya 3 kijana wa Misri aitwaye Antonio aliingia kanisani, akasikia likisomwa neno la Mathayo 19:21, "ukauze ulivyo navyo, uwape maskini", akatoka akagawa mashamba ya urithi wake kwa wanakijiji wenzake, akauza vingine na kuwapa maskini. Mstari mmoja ulimtosha. Na Yesu mwenyewe jangwani alimjibu mjaribu kwa mistari mifupi mitatu.

Lakini itazame ile mitatu. Inatoka Kumbukumbu la Torati 8:3, 6:16 na 6:13, yaani sehemu moja ya kitabu kimoja, ile inayowakumbusha Israeli miaka 40 jangwani, njaa yao, na walivyomjaribu Mungu kule Masa walipokosa maji. Yesu, akiwa na njaa ya siku 40, alikuwa amesimama ndani ya habari hiyo yote. Mistari ilikuwa mifupi kwa sababu aliijua habari nzima inakotoka. Aliyeng'oa mstari pale jangwani ni mwenzake. Shetani alinukuu Zaburi 91:11 juu ya malaika kumlinda, akayaruka maneno "katika njia zako zote", maneno ambayo yangefanya kujirusha kutoka juu ya hekalu kuonekana kulivyo: si njia ya mtu yeyote. Na Antonio? Alichokisikia hakikuwa faraja iliyokatwa wajibu. Kilikuwa wajibu mtupu. Na baadaye, aliposikia kanisani "msisumbukie ya kesho", alitoa hata kile kidogo alichokuwa amemwekea dada yake. Kwa hiyo sina ugomvi na ufupi wa mgonjwa au wa aliyekariri. Mstari mfupi hufaa kwa mtu anayeijua nyumba ulikotoka, na hufaa kama mlango kwa asiyeijua. Haufai kuwa chakula cha kila siku cha mtu mwenye macho mazima, mwenye simu yenye vitabu vyote 66 ndani yake, anayeweza kugusa kidole mara moja na kuifungua sura.

Kuna hoja nyingine, dhaifu kuliko zote, lakini ndiyo inayosikika zaidi: kwamba mambo ya muktadha ni ya wasomi wa vyuo vya theolojia, na mwamini wa kawaida anaongozwa na Roho, kwa maana "andiko huua, bali roho huhuisha". Anayesema hivyo amekata mstari ili kutetea kukata mistari. Soma 2 Wakorintho 3 tangu mwanzo. Paulo analinganisha maagano mawili, lile lililochorwa katika vibao vya mawe na lile linaloandikwa katika vibao vya mioyo. Andiko linaloua ni sheria inayomhukumu mtu asiye na uwezo wa kuitimiza. Hakuna popote anapolinganisha msomaji makini na msomaji wa haraka, achilia mbali kumpa ushindi huyo wa haraka. Isitoshe, kusoma mistari 10 kabla na 10 baada hakuhitaji Kigiriki wala shahada. Kunahitaji dakika mbili. Roho aliyeivuvia aya nzima hawezi kuudhika tukiisoma nzima.

Hoja yenye nguvu kweli ni ile ya 2 Wakorintho 1:20, kwamba ahadi zote za Mungu "katika yeye ni Ndiyo". Kama ni zote, kwa nini nisiidai ya Yeremia? Naikubali nusu ya kwanza ya hoja hii kwa moyo wote. Warumi 15:4 inasema yaliyotangulia kuandikwa yaliandikwa ili kutufundisha sisi, kwa hiyo barua ya Babeli ni yetu pia. Ila "katika yeye" ndiyo njia ahadi inayopitia. Ahadi ya kurudishwa nchini inanifikia mimi kupitia Kristo aliyewakusanya waliotawanyika, nayo ikinifikia inakuwa na umbo lake: kungoja kwa miaka, kufanya kazi ugenini, kuwaombea wasiotupenda. Hainifikii kama hati ya kupandishwa cheo kabla ya mwisho wa mwezi. Paulo aliyeandika "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu" aliandika akiwa kifungoni, na mstari mmoja kabla ya hapo ameyataja mambo hayo yote ni yapi: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Mwanariadha anayeuandika Wafilipi 4:13 kwenye kiatu ana haki ya kuutumia, hasa siku atakayoshindwa.

Upande mwingine unaoharibu matumizi ni kutojua umeshika maandishi ya aina gani. Ahadi, amri, mithali, ombi na simulizi havitumiki kwa namna moja. Mithali 22:6, "Mlee mtoto katika njia impasayo", imewaumiza wazazi wengi ambao mtoto wao ameacha imani, maana husomwa kama dhamana: ukimlea vizuri hataiacha, ameiacha, basi hukumlea vizuri. Lakini kitabu hichohicho katika 26:4 kinasema usimjibu mpumbavu kwa upumbavu wake, na mstari unaofuata, 26:5, kinasema mjibu. Aliyekusanya mithali hizo hakusinzia. Sisi wenye lugha ya methali tunapaswa kulielewa hili kuliko wengi. "Haraka haraka haina baraka" na "chelewa chelewa utamkuta mwana si wako" zote ni za kweli, na mzee anayezitumia anajua ipi ni ya leo. Hakuna anayemshtaki kwa kusema uongo. Mithali husema jinsi mambo yaendavyo kwa kawaida, na hekima iko katika kujua wakati wake. Mzazi yule apewe Luka 15, ambako baba hakosi lolote na mwana bado anaondoka. Simulizi nazo zina mtego wake: kwa sababu Gideoni aliweka ngozi ya kondoo kiwanjani haimaanishi kila mwenye mashaka aombe ishara. Ukifuatilia Waamuzi 6 utaona alikuwa ameshaambiwa la kufanya kabla hajaitoa ngozi.

Basi mtu mwenye dakika 15 asubuhi afanye nini? Mstari wa siku ukiingia, usiuache pale pale. Ugonge, ifungue sura, kisha rudi nyuma mpaka ulipoanza wazo. Utapajua kwa viunganishi. Mstari ukianza na "basi", "kwa hiyo", "maana" au "lakini", umeegemea kitu, na kitu hicho kiko juu yake. "Basi" ya Warumi 12:1 imeegemea sura 11 za rehema ya Mungu, na asiyezijua atausikia mstari ule kama amri kavu ya kujitesa. Ukifika mwisho wa aya, jiulize nani anasema, anamwambia nani, na walipaswa kufanya nini siku ile waliyoisikia. Mara kwa mara, badala ya kipande, soma barua nzima kwa kikao kimoja. Wafilipi ina mistari 104 na kwa sauti ya kawaida ni kama robo saa. Filemoni ina 25. Yakobo ina 108. Isome hiyohiyo kila siku kwa juma zima. Siku ya tatu utachoka, na siku ya tano utaanza kuona maneno yanayojirudia ambayo hukuyaona. Kosa la kawaida hapa ni kuanza kwa pupa, sura nne kwa siku, kisha kukwama Mambo ya Walawi na kuacha kabisa kwa aibu. Afadhali aya moja iliyoeleweka na kurudiwa.

Halafu inakuja sehemu ambayo hata wasomaji makini huipita upesi: kitendo. Biblia yenyewe haina haya ya kutaja kiasi na muda. Waefeso 4:26 inaipa hasira saa ya mwisho, nayo ni kuchwa kwa jua. Mstari wa 28 haumwachi mwizi kwenye kuacha kuiba tu. Anapaswa kufanya kazi kwa mikono yake hadi awe na kitu cha kumgawia mhitaji, kwa hiyo toba yake inapimwa kwa kile kinachotoka mkononi. Zakayo, yule mtoza ushuru, katika Luka 19:8 anapiga hesabu mbele za watu. Sheria ya Hesabu 5:7 ilimtaka anayeungama dhuluma arudishe kitu kamili na kuongeza sehemu ya tano. Aliyechukua 100 angerudisha 120. Zakayo anatamka mara nne, kipimo cha Kutoka 22:1 kwa mwizi wa kondoo, yaani 400 kwa kila 100, na hiyo ni baada ya kutenga nusu ya mali yake kwa maskini. Alilihesabu kosa lake kama wizi mbele ya sheria, akajitoza faini ya mwizi. Linganisha na maazimio yetu ya "nitakuwa mkarimu zaidi". Azimio lisilo na jina la mtu, siku na kiasi haliwezi kuvunjwa, na kwa sababu hiyo haliwezi kutimizwa. Yakobo anamfananisha msikiaji wa namna hiyo na mtu ajitazamaye katika kioo, akaenda zake, na mara akasahau alivyo. Simu nayo, skrini yake ikizimwa, ni kioo.

Tuseme umesoma Mathayo 5:23 na 24. Angalia kwanza nani ana neno na nani: ni ndugu yako ana neno juu yako, yaani wewe ndiwe uliyemkosea, au angalau yeye anaona hivyo. Wengi huusoma kinyume, wakamngoja aliyewakosea aje. Kisha angalia mahali. Madhabahu ilikuwa Yerusalemu, na wasikilizaji walikuwa Galilaya, mwendo wa kilomita zaidi ya 100, siku kadhaa kwa miguu. Yesu anamwambia mtu aliyekwisha kufika na sadaka mkononi aiache, arudi safari yote hiyo, apatane, ndipo aje tena. Ukiutumia mstari huo leo, andika jina moja. Amua kama utakwenda au utapiga simu, na lini, kabla ya ibada ijayo. Taja kosa lenyewe: "nilisema hivi mbele ya watu, na haikuwa kweli." Mambo huharibika mara nyingi kwenye sentensi inayofuata, pale "lakini na wewe" inapopenya na msamaha kugeuka kesi mpya. Huharibika pia mtu anapochagua majina matano kwa mpigo akaishia kutomwendea hata mmoja, au anapotuma mstari wenyewe kwa aliyemkosea. Kumtumia mtu uliyemdhulumu Mathayo 5 ni kumkabidhi mzigo wako aubebe.

Madhara ya kukata hayaishii kwa mtu binafsi. Waefeso 5:22, juu ya wake kuwatii waume zao, ni miongoni mwa mistari iliyobeba ukatili mwingi majumbani. Katika nakala za kale zaidi za Kigiriki mstari huo hauna kitenzi chake wenyewe. Unakiazima kwa mstari wa 21, "hali mnanyenyekeana katika kicho cha Kristo". Kisarufi hauwezi kusimama peke yake hata dakika moja, na namba ya mchapaji ndiyo iliyousimamisha. Wake wanazungumziwa mistari mitatu, na waume karibu yote inayobaki hadi 33, wakiambiwa wapende kama Kristo alivyojitoa. Mchungaji anayeshauri ndoa kwa mstari wa 22 bila wa 21 na wa 25 amefanya kosa la kusoma kabla hajafanya kosa la ushauri. Watu hulala na majeraha kwa sababu ya kosa hilo la kusoma.

Kwa wanaoendesha vikundi vya maombi vya simu badiliko si kubwa. Badala ya mstari mmoja kila siku, tuma aya moja kwa siku tatu: ya kwanza aya yenyewe, ya pili swali moja kuihusu, ya tatu nafasi ya kila mtu kusema alichofanya, kwa faragha kama kinamhusu mwingine. Wajumbe wachache watalalamika kwamba kikundi kimepoa. Watakuwa wanasema kweli, maana hakutakuwa na "amina" 40 kabla ya saa moja asubuhi. Aya nzuri ya kuanzia ni Mathayo 18:15 hadi 20. Karibu kila kikundi kinaujua mstari wa mwisho, "walipo wawili watatu wamekusanyika kwa jina langu", na huutumia kujifariji waliohudhuria wakiwa wachache. Wakiisoma kuanzia 15 watakuta hatua za kumrudisha ndugu aliyekosa: kwanza wewe na yeye peke yenu, akikataa ndipo mmoja au wawili waongezwe kuwa mashahidi kama Kumbukumbu la Torati 19:15 inavyotaka, na kanisa ni mwisho kabisa. Wale wawili watatu ni hao, wamekaa na mtu mmoja kwenye maongezi magumu ambayo hakuna aliyetaka kuyaanza. Halafu kikundi kijiulize, kati ya ugomvi wake wa mwaka huu, ni upi ulianza kwa hatua ya kwanza, na ni mingapi ilianzia kwenye kikundi chenyewe, mbele ya wote.